Mama Ramani na Rangi Mbili Zilizobadilishana

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mvunja kokoto na mshona nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alimwita baba yake kulalamika kwamba mifuko ya sare ya binti imetoboka kwa mawe. “Mawe gani?” baba akauliza. Mwalimu hakujua. Mtoto akamsaidia kujibu, akitaja jiwe moja baada ya jingine, akachapwa viboko viwili kwa ujuaji. Alimaliza sekondari mwaka 1969, na chuo cha uchoraji ramani mwaka 1972.

Tarehe 3 Julai mwaka huohuo aliajiriwa na idara ya miamba. Kwa miaka kumi na moja alizunguka wilaya hii kwa miguu, nyundo mkononi, akiweka alama pale itale, mwamba mgumu usiopitisha maji, inapochungulia juu ya ardhi na pale chokaa inapojificha chini ya udongo mwekundu. Dereva wa gari la idara alimngojea barabarani mpaka akachoka kungoja, akamposa. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Baba hupenda kusema kwamba alioa mke mmoja na milima minne.

Ramani yake ya miamba ilitoka mwaka 1986, nakala mia tano. Mama alifungua bunda la kwanza, akakaa chini. Kwenye kiwanda cha uchapaji walikuwa wamebadilisha maelezo ya rangi: penye itale palisomeka chokaa, penye chokaa itale.

“Mama, rangi ni rangi,” mkuu wa idara alimwambia. “Nani ataangalia?”

“Atakayechimba.”

Aliandika barua kumi na nne. Alijibiwa tatu, zote zikisema suala lake linashughulikiwa.

Mwaka 1998 shule moja ya bweni ilichimba vyoo juu kidogo ya kisima chake, ikiitegemea ramani ile. Mama alikwenda mara tatu. “Hapa ni chokaa,” alimwambia mkuu wa shule. “Maji huitafuna chini kwa chini. Kinachoingia chooni leo, kesho kiko kisimani.”

Mkuu akamwekea kidole kwenye ramani. “Mbona hapa pameandikwa itale?”

“Najua palivyoandikwa! Ramani nimeichora mimi!”

Wanafunzi arobaini walilazwa kwa kuharisha ndipo vyoo vikahamishwa. Hakufa hata mmoja, tunashukuru. Lakini Mama hakugusa chakula siku mbili. Alisema alipaswa kwenda mara ya nne.

Tangu hapo aliacha barua. Alinunua kalamu nyekundu, akaanza kuzisaka nakala moja moja, mashuleni na maofisini, akikata maneno mawili na kuandika mawili. Alistaafu mwaka 2006, basi ndiyo kwanza akapata nafasi. Makarani walimfungia milango. Sisi wanawe nasi, tuseme ukweli, tulimwambia aachane nayo, watu wanamcheka. Yeye akavaa viatu, akatoka. Alizifikia nakala mia tatu na kumi na mbili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Alipolazwa mara ya mwisho aliiona nakala moja ukutani, kwenye korido ya wodi.

“Bibi, hiyo ni mali ya hospitali,” muuguzi alimkataza.

“Na kosa ni mali ya nani, mwanangu?”

Muuguzi akamshikia chupa ya dripu, Mama akaandika. Alifariki siku tisa baadaye, tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, Baba akiwa kando yake.

Juzi idara ilituma wajumbe wawili na zawadi ya heshima: ramani yake, imechapishwa upya mwaka huu, ndani ya fremu nzuri ya mbao. Baba alivaa miwani, akasoma maelezo ya rangi. Ni yaleyale yenye kosa. Aliwakaribisha viti, akaomba waletewe chai, akatoka nje.

Mama ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume anayewasomea haya, wajukuu watano na mdogo wake wa kike. Maisha yake yote hakukubali kupumzika kazi ikiwa nusu. Leo tunamwomba akubali. Mungu ampe amani ambayo sisi hatukumpa.