Fundi Barakoa, Aliyekinga Pumzi za Farasi

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, mkabala na stesheni ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alimfuata miaka sita baadaye. Mama yao alikuwa akisema kwamba mwanawe wa kwanza alichelewa kuanza kuongea, na alipoanza hakuzidisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwalimu akitaka kujua mbuzi wa shule ana nini, alimwita yeye. Baada ya kumsaidia baba dukani kwa miaka kadhaa, alijiunga na chuo cha afya ya mifugo, akapata cheti mwaka 1980.

Tarehe 2 Machi 1981 aliajiriwa katika shule ya kupanda farasi, akaanza kwa kufagia mabanda. Huko ndiko alikojua kwamba farasi naye hupata pumu. Vumbi la nyasi kavu humkera, akakohoa, mbavu zikamwenda mbio hata akiwa amesimama tu. Daktari wa mifugo alipoleta dawa ya kinga ya kuvuta, kazi ile ilikabidhiwa marehemu, na jina la Fundi Barakoa likamganda. Alimvisha farasi barakoa puani, akawasha mashine iliyogeuza dawa kuwa ukungu mwembamba, akasimama naye dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, kuanzia wiki mbili kabla ya nyasi mpya kuletwa.

"Dawa hii humpi mgonjwa," aliwaambia wasaidizi. "Unampa akiwa mzima. Ukingoja akohoe, umeshachelewa."

Kwa kuwa farasi wengi huogopa mlio wa mashine, aliwazoesha kwa kuuigiza mdomoni, sss, huku akiwalisha karoti. Mazoea hayo aliyaleta hadi nyumbani.

"Mume wangu, hapa mezani hakuna farasi," mkewe alimwambia jioni moja.

"Najua," akajibu. "Ila karoti zipo."

Mke huyo, fundi cherehani, alifunga naye ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Kitambaa laini cha ndani ya barakoa, kilichozuia farasi wasichubuke pua, alikishona yeye, na hakuna aliyewahi kumshukuru hadharani. Shemeji, asante.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Tarehe 2 Septemba daktari alimwamuru asitoke kitandani. Kazi ya barakoa akaishika mdogo wake, aliyekuwa dereva wa gari la nyasi hapo hapo shuleni.

Ratiba mliyoshika mikononi inasema kwamba mwezi Oktoba marehemu "alistaafu kwa hiari." Maneno hayo mdogo wake aliyaona kabla hayajachapwa, akanyamaza. Si ya kweli, na roho yake inakataa kumzika kaka yake nayo.

Ukweli ni huu. Kulikuwa na farasi jike wa kijivu, asiyependa barakoa hata kidogo. Mdogo wake alimtazama, akamwona anapumua vizuri, anakula, manyoya yanang'aa. Akajiambia, farasi mzima huyu, nimsumbue kwa dawa ya nini? Akaacha kumpa. Lakini kwenye daftari, kila asubuhi na kila jioni, aliandika "amepewa."

Tarehe 7 Oktoba nyasi mpya ziliingia. Siku ya tatu yule jike alikuwa ananyoosha shingo kutafuta hewa. Habari zikamfikia marehemu kitandani. Alivaa viatu, akaja kwa miguu. Alisoma daftari, akainua chupa ya dawa ya yule jike kwenye mwanga, akaiona imejaa. Meneja na daktari wa mifugo walipouliza, alisema, "Kosa ni langu. Nilimwelekeza vibaya."

Farasi alitibiwa, akapona baada ya siku tisa. Marehemu aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe, baada ya miaka arobaini na minne.

"Kaka, kwa nini umefanya vile?" mdogo wake alimuuliza.

"Wewe bado una watoto shuleni. Mimi niko kitandani, watanifukuza kutoka wapi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini uje uwaambie mwenyewe. Nisikie nikiwa hai."

Mdogo wake akasema kesho. Kesho ikawa wiki ijayo. Aliogopa kumwaga unga, aliona aibu, na kila alipokwenda kumjulia hali alizungumzia mvua. Marehemu hakumkumbusha. Alimuuliza tu hali ya yule jike.

Alikata roho hospitalini Jumanne tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Mdogo wake alikuwa kazini, anawavisha farasi barakoa.

Meneja, uko hapa. Barua ile iandike upya, na jina utakaloliweka unalijua.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja aliyekuja kusema ukweli mwezi mzima baada ya siku aliyopaswa kuusema. Mungu amlaze pema, na ampe pumziko lisilo na kero.

Nimewaambia, kaka. Nimechelewa.