Alhamisi za Bomeni: Kumuaga Bi. Tryphena Mghoi wa Kliniki ya Meno

Kwa Waheshimiwa Wanakamati wa kituo chetu cha afya, Voi, na wageni wote mliohudhuria hafla hii: pokeeni salamu zangu za heshima.

Madhumuni ya maandishi haya ni mawili. Kwanza, kumuaga Bi. Tryphena Mghoi, Afisa wa Afya ya Kinywa, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Pili, kuwasemea wagonjwa wa zahanati ndogo ya Bomeni, anaowahudumia huko kila Alhamisi, wasije wakaipoteza siku yao. Mimi ni Phineas Mwakio, karani wa usajili, niliyefanya kazi naye kwa miaka kumi na tisa.

Bi. Tryphena alikulia Mahoo, akinywa maji ya kisima yenye madini mengi, na meno yake yakaota na madoa ya hudhurungi. Hakuyaficha kamwe. Kijana mmoja wa Ndara, Hillary, alifika kliniki akiwa ameyasugua yake kwa makaa yaliyosagwa na ndimu siku tisa mfululizo, ili yang'ae kwenye picha za harusi. Alipomwona mhudumu wake akitabasamu, alishangaa.

"Lakini Daktari, mbona yako yenyewe yako hivyo?"

"Haya yangu yanatafuna mahindi ya kuchoma. Yako yanaogopa hata hewa. Sasa, bwana harusi, tutibu yapi?"

Foleni nzima ilicheka. Hillary naye alicheka, mkono mdomoni, kwa maana hewa ilimchoma kweli. Alikatazwa makaa na ndimu, akasafishwa ukoga kwa vifaa, akapewa dawa ya meno ya kutuliza maumivu. Siku ya harusi alipiga picha vizuri, ila soda aliomba ya moto.

Mafundisho ya Bi. Tryphena yalikuwa yale yale kwa tajiri na kwa maskini. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku. Madoa ya chai na miraa husafishwa kliniki. Dawa ya kung'arisha hutolewa na mtaalamu, baada ya matundu kuzibwa. Madoa ya maji ya kisima yamo ndani ya jino. Mchanga na majivu havitayafikia, bali vitalila jino lenyewe. Kuhusu vichupa vya dawa ya kung'arisha visivyo na jina vinavyouzwa sokoni, Alhamisi moja alirejea kutoka Bomeni na kumi na vinne, vyote vimesalimishwa na wenyewe kwa hiari.

Mrithi wake bado hajaajiriwa. Kuanzia Alhamisi ya kwanza ya Julai, mlango wa Bomeni utafungwa, ilhali muuza vichupa atakuwa kazini. Bi. Tryphena amekubali, kwa maandishi, kuendelea kwa kujitolea. Kinachokosekana ni idhini yenu.

Bi. Tryphena, ahsante kwa mikono yako mipole na kwa ukweli wako. Mungu akujalie afya na usingizi mrefu wa asubuhi.

Waheshimiwa, naomba mwamue leo, kabla ya chakula: aruhusiwe kuhudumu Bomeni kila Alhamisi hadi mrithi apatikane, ndiyo au la?