Simu Haina Mama

Benchi la mtaa wa Laini Saba limeegemea karakana ya Mbithi, kando ya reli, na asubuhi halikosi kahawa ya tangawizi wala maneno. Siku hiyo Filister, au Mama Hope, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa ameupakata mkoba wake wa kazi. Alikuwa anaenda kuurudisha zahanati, pamoja na simu waliyompa. Zamani aliingia kwa wagonjwa, akaomba nao, akawakorogea uji. Siku hizi ni kujaza maswali ya simu tu, na ile raha ya kazi, Mungu ndiye anajua ilipotelea wapi.

— Usirudishe, Mama Hope, akasema Mbithi, aliyeitwa Injinia kwa kutengeneza jiko moja lisilofuka. Ulimwogesha mama yangu mpaka siku yake ya mwisho, sijasahau. Na hayo maswali yanaenda ng'ambo, mzungu anayasoma moja moja akinywa chai.

— Mzungu gani? akasema Kaloki, waliyemwita Jaji ingawa hajawahi kumshinda hata mkewe. Simu zinaandikiana zenyewe. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Simu haina mama.

— Hiyo inaingiaje hapo, Jaji? akauliza Injinia.

— Inaingia. Kunywa kahawa.

— Basi hata mbinguni tutajaza, akasema Injinia. Netiweki ya Petro ipotee, foleni ifike mtaa wa pili, Lindi.

Filister akacheka bila kutaka.

Hapo akatokea mama mmoja na fungu la kunde.

— Habari zenu. Filister ni nani? Mimi ni Musimbi, dada ya Nasipwondi wa Lindi. Nimetoka Kawangware kukushukuru. Anasema mwaka jana ulimkanda miguu ukimwimbia mpaka akalala. Shika, ni zako.

— Mungu akubariki, dadangu.

— Na jana ulipita kwake. Ulimwonaje?

Filister akafungua mdomo. Jana alisimama mlangoni, macho kwa simu. Maswali yote yakajibiwa, yakaenda. Uso wa Nasipwondi hakuukumbuka. Akamtazama Injinia, akamtazama Jaji.

— Nilifika, akasema, lakini sikumwona. Nisamehe. Twende sasa hivi.

Akainuka, mkoba begani.

— Si ulikuwa unaurudisha? Jaji akauliza.

— Mafuta ya kumkanda yako ndani. Asante Yesu kwa hilo swali.

Simu ikaanza kulia. Akaitoa, akamwekea Jaji mkononi.

— Nilelee hii kidogo, Jaji. Si umesema haina mama?