Kumuaga Bwana Gélase kwa Karatasi ya Mgomba

Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, Bwana Gélase mstaafu wetu na familia yako, wakuu wa idara, ndugu wageni mlioacha kazi zenu mkaja hapa mtaani Rohero kwa ajili ya Fanta moja:

Wanahabari wenzangu wamenituma nimsifu Bwana Gélase. Nitasifu niliyoyaona.

Mwaka juzi, 1996, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, karatasi ziliadimika hata katika Ofisi ya Vibali anayoiongoza. Kule Buyenzi, Mama Adija na wanawake sita wakaanza kutengeneza zao. Walichemsha maganda ya mgomba kwa majivu, wakayatwanga kinuni, wakachota rojo kwa fremu yenye wavu, wakaanika juani. Kisha Mama Adija akaenda kuomba kibali.

“Andika barua,” Bwana Gélase akamwambia.

“Patron, karatasi mi natoa wapi? Si ndiyo naomba kutengeneza?”

“Mama, bila barua mi sikuone.”

Mama Adija akaiandika kwenye karatasi yake mwenyewe, akaipeleka ofisini. Wino wa muhuri ukatawanyika, barua ikarudishwa: muhuri wa serikali hautawanyiki. Nani mwingine angeliona hilo, mji mzima ukiwa umetawanyika kwa vita? Mama Adija akapaka karatasi uji wa muhogo, akaikausha, akaisugua kwa chupa. Safari hii muhuri ukatulia. Bwana Gélase akaigeuzageuza, akaisifu, akauliza imetengenezwa kwa kibali gani.

Siku ya tatu karakana yao ikafungwa. Amri niliisoma mlangoni: iliandikwa kwenye karatasi ya Mama Adija, kwa kuwa ofisi haikuwa na nyingine.

Je, kuna uaminifu mkubwa kwa sheria kuliko huo? Miezi kumi na minne wanawake saba wamekaa bila kazi, nayo ofisi inaandikia karatasi ilizozikamata. Kadi zilizotualika leo, zipapaseni: nyuzi hizo ni za mgomba.

Kwa kanuni za ofisi hiyo, ombi lisilotiwa saini na aliyelipokea huanza upya. Bwana Gélase anakabidhi ofisi saa sita. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi. Mama Adija ameketi mstari wa nyuma. Nimemuuliza kama ana kinyongo.

“Apana. Aende apumuzike. Tu asiende na saini yangu.”

Ombi lake ni hili, na kalamu ni hii. Ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio yenu. Kwako, Bwana Gélase, tunaomba mkono.