Historia ya Korongo wa Haldane, Aliyezikwa Uwanjani Kwake

Ndugu waombolezaji, wachezaji wa zamani na wa sasa, majirani wa Pruett na wageni mliotoka kaunti za mbali katika baridi hii, mimi ni Marlys Vavra, niliyefua jezi za marehemu kwa miaka thelathini na minne, na familia imenituma nisome historia yake leo, Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, nami nitasoma taratibu na kwa sauti, kwa sababu yuko mtu mmoja kati yetu ambaye hadi dakika hii hajaambiwa aliyefariki ni nani.

Marehemu, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Haldane, aliyeitwa Korongo kwa ajili ya ndege wanaotua mtoni kwetu kila Machi, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1899, katika shamba la majani la Horace Bingley, nusu maili kutoka hapa tuliposimama, mkunga wake akiwa Mchungaji Josiah Penhallow, mwalimu wa Kilatini, ambaye alirudi kutoka mashariki na mpira wenye umbo la yai ndani ya mkoba wake wa vitabu, akawapanga vijana kumi na mmoja dhidi ya wafanyakazi wa reli, nao wakafungwa 46 kwa 0, na mmoja wao akapoteza meno mawili ambayo mama yake aliyatafuta kwenye nyasi hadi Jumapili jioni.

Masomo ya marehemu yalikuwa ya shida, kwani mwalimu wake mkuu alikuwa kipigo, lakini somo moja alilipata mapema na hakulisahau, nalo lilikuwa la Novemba 1911, pale Ansel Reddick, nahodha wa kwanza kabisa, alipoanguka kutoka juu ya mkokoteni wa majani akavunjika mguu, akashindwa kwenda kuitazama mechi, na vijana waliporudi wamefungwa 33 kwa 6 wakamwonea huruma, wakamwambia wameshinda, naye akafurahi tangu Jumamosi hadi Alhamisi, gazeti lilipofika. Aliwaita wote, wakajipanga mbele ya kitanda chake kama wezi wa kuku.

"Nyie vijana, nimevunjika mguu, sijavunjika masikio," aliwaambia. "Mkifungwa, njooni mniambie mmefungwa, huku nawatazama."

"Tumefungwa, kaka," nahodha wa mwaka ule akasema. "Thelathini na tatu kwa sita."

"Haya. Jumatatu mazoezi saa ngapi?"

"Saa tisa unusu."

"Basi nendeni mkalale."

Tangu siku hiyo ikawa mila, kwamba baada ya kila mechi nahodha huenda kwa mchezaji mkongwe kuliko wote walio hai, akamshika mkono, akamtazama machoni na kumwambia matokeo kwa kinywa chake, na mkongwe, iwe wameshinda au wamefungwa, huuliza swali hilo hilo, na nahodha hujibu saa tisa unusu, na watoto wa Pruett walilijua jibu hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Tarehe 21 Mei 1921 marehemu alifunga ndoa na Chuo cha Haldane, ambacho kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa kimemtazama kwa mbali kama binti wa mlevi, hadi bodi ya wadhamini ilipoona watu wanavyojaa uwanjani, ndipo ikapeleka posa ya mbio mbio, na mume akaahidi mbele ya mashahidi kumtunza katika kufunga na katika kufungwa, na wengi wenu babu zenu walikula keki siku ile. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, ila siku ya arusi hakuna anayepekua nguo.

Marehemu alijaliwa watoto 2,314, wakiwamo wakulima, madaktari wa mifugo, majaji wawili na mfungwa mmoja ambaye familia haimkani, na kuanzia 1943 hadi 1945 hakucheza kwa sababu watoto wake walikuwa vitani, ambako tisa walibaki, na mwaka wake wa fahari ulikuwa 1949, aliposhinda mechi zote nane, ya mwisho ikiokolewa na kijana wa Kicheki aliyedaka mpira wa mbali akiwa na vidole viwili vilivyovunjika asubuhi ile ile, naye ni Emil Vavra, baba yangu mzazi, ambaye sasa ana umri wa miaka tisini na sita na tangu Desemba 2014 ndiye mkongwe anayepelekewa matokeo, kwanza jikoni kwake, kisha katika chumba namba kumi na mbili cha nyumba ya wazee, ambako kila nahodha alipewa kolache, andazi la Kicheki lenye plamu, hata kama amefungwa hamsini.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2011, nao ulikuwa uvimbe. Mume, alipoona madarasa yanabaki matupu, aligundua kwamba kila kijana anayetaka kuvaa jezi ni kijana anayelipa ada, akamwamuru kocha asikatae mtu, hata timu iliyokuwa na vijana arobaini na wanane ikafika mia na hamsini na mmoja, ilhali wanaoingia uwanjani kwa mara moja ni kumi na mmoja, mimi nikawa nafua jezi zisizo na hata doa la nyasi, za watoto waliotoka Texas na Florida kwa ahadi, wakakaa benchi miaka minne wakipigwa na upepo wa Nebraska, na nilipomwuliza kocha Oakes wale wote watacheza lini, aliniambia, "Marlys, wewe fua tu." Nilifua. Hilo nalijutia.

Septemba mwaka huu waliletwa madaktari, yaani washauri watatu kutoka Chicago, tukadhani ni mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe walikaa siku mbili, hawakufika uwanjani wala hawakumgusa mgonjwa, wakampima kwenye kompyuta na kuandika kwamba hatapona, na marehemu akafariki dunia Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa kumi na dakika kumi jioni, kwa barua pepe ya mistari sita, wakati watoto wake wako mazoezini na simu zao zimo ndani ya mabegi. Mechi ya Jumamosi waliicheza wakiwa yatima.

Sasa nafika pagumu. Baba yangu aliandika wosia zamani kwamba shamba lake, ekari mia tatu na ishirini, liende kwa chuo kwa ajili ya Korongo, na wosia hubadilishwa na mtu aliye hai na mwenye habari, kwa hiyo Ijumaa Rais wa chuo, Dakta Preston Aldercott, alimwita ofisini nahodha wetu, Rogelio Montalvo wa Laredo, akamkumbusha kwa upole kwamba msaada wa ada ya muhula wake wa mwisho unasubiri saini, kisha akamwambia habari ya mzee.

"Kijana, mzee ana miaka tisini na sita. Ukimwambia timu imevunjwa, utamuua."

"Sasa mwakani nimwambie nini, Dakta?"

"Mwambie mmecheza. Mwambie mmeshinda."

"Tumecheza na nani?"

"Ratiba ya mwaka jana si unayo?"

Jumapili Rogelio alikuja jikoni kwangu, supu ikapoa mbele yake, na ameniruhusu niyaseme haya hadharani, muhula na uende.

"Mama Marlys, nilimwambia tumefungwa thelathini na nane kwa saba, hiyo kweli nilimwambia," alisema. "Halafu akaniuliza lile swali lake."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema saa tisa unusu, mzee, kama kawaida. Akafurahi, mama. Akanipa kolache ya pili."

Msimcheke wala msimlaumu, kwa sababu mimi, binti wa kumzaa, nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi na kunyamaza, siku tisa nzima, na wale watakaosema natetea urithi wajue nina nyumba yangu na sitaki hata bua moja la mahindi ya shamba lile.

Familia inawashukuru madaktari wa Chicago kwa haraka yao, inawashukuru majirani waliochimba kaburi hili kwenye mstari wa mwisho wa uwanja ilhali ardhi imeganda, inazishukuru timu pinzani nne zilizotuma manahodha wao wakiwa wamevaa suti, inamshukuru Dakta Aldercott kwa shada la maua na kwa udhuru wake wa kutofika.

Baba, wewe uliyekaa mstari wa mbele na blanketi la kijani, asubuhi hii nilikuwekea betri mpya masikioni kwa mikono yangu, nikakudanganya kwamba tunakuja kwenye mkutano wa wakongwe, na huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako. Umesikia yote, lakini mila inataka uambiwe na nahodha, kwa hiyo Rogelio, njoo mbele, mwanangu, mshike mkono, mtazame machoni, umwambie. Nawe baba, ukishaambiwa, uliza swali lako kama siku zote, na uulize kwa sauti, lifike hadi kule kwenye jengo la utawala, wakujibu wao.

Korongo wetu, lala, pumzika kwa amani uliyonyimwa. Jumatatu hakuna mazoezi.