Kuomba Umeme kwa Mke

Fundi cherehani alikuwa ameridhika. Gauni la mteja wake msumbufu limeshakabidhiwa, kiti cha dirishani ndani ya basi amekipata, na mbele yake watu wawili wanabishana bila kiingilio.

"Mama, dhamana ni haki ya yule mume, hata kama alimpiga mkewe," alisema karani wa mahakama, faili mapajani. "Tena amefungwa kifaa mguuni. Akikaribia kwa mkewe, kinalia ofisini kwetu."

"Kilie na nini, mwanangu?" alicheka mama mwenye kikapu cha vitunguu. "Jumamosi kiliishiwa chaji. Anakoishi umeme ulikatika, basi akaja kugonga kwa mkewe, jirani yangu, eti aombe kuchaji!"

Fundi aliuma mdomo asicheke. Kumbe kuna mwanamume anayetaka mke amtunzie hata pingu.

"Mngepiga simu ofisini," karani alisema.

"Tulipiga. Tukaambiwa msimamizi anarudi Jumatatu. Basi majirani saba tukajipanga mlangoni na michi yetu, naye akakumbuka njia ya kwao."

"Si yaliisha salama? Basi utaratibu umefanya kazi."

"Utaratibu upi?"

Basi likasimama. Mama akanyanyua kikapu chake. "Nipishe, mwanangu, nawahi zamu."

"Zamu ya kazi gani tena?" karani aliuliza.

"Ya kulinda ule mlango," alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari chini. "Ni yako hiyo, mwanangu. Sisi tunakushikia tu."