Alichokubali Bi Shemsa Botini

Baraza ya nyumba ya Bi Shemsa, pale Kajificheni, ni ya mawe na chokaa, na makalio ya watu yameisugua miaka na miaka mpaka inang'ara kuliko sahani za mwanamke mvivu. Wanaume huikalia baada ya alasiri, Talib akishafika na dele lake la kahawa, na Bi Shemsa hukaa nao kwa sababu mbili: baraza ni yake, na hapendi umbea umpite mlangoni bila ya kumwamkia. Yupo Mkadam, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, maana ukimwambia neno Kajificheni, ukifika Darajani unalikuta linakungoja. Yupo Borafya, Daktari, muuza mizizi na habasoda, hajapata kumponya mtu, lakini na yeye mwenyewe hajapata kuumwa. Na yupo Mzee Hamid, Mahakama, aliyekuwa tarishi wa mahakama ujana wake wote na sasa anahukumu kila kitu, mpaka mpira. Siku zote mleta habari alikuwa Bi Shemsa. Siku hizi habari ni yeye, na hana pa kuihamishia.

Habari yenyewe ndiyo hii. Shoga yake wa tangu chuoni kwenye Kurani, Bi Riyama, alikuwa akiuzia achari hoteli moja huko Mbweni. Hoteli ikampa nafasi mbili za bure kwenye boti ya watalii, ile inayoondoka Fumba alasiri, ikaizunguka Ghuba ya Menai, ikalala baina ya visiwa na kurudi asubuhi. Riyama akaja mbio. "Shoga, tumezaliwa kisiwani na kisiwa chenyewe hatujakiona kwa nje! Twende. Na nna maneno yangu, nataka kukwambia mahali pasipo masikio ya watu."

Bi Shemsa hakuwa na hofu ya kuzama, alikuwa na hofu ya kutapika mbele ya Wazungu. Akenda kwa Daktari, akapewa kungumanga, akaambiwa akwangue kidogo tu kwenye uji. Yeye akaona kidogo ni cha watoto. Akatafuna mbili nzima. Boti haijapita kisiwa cha kwanza, mwenzenu keshaegemea mto, usingizi fofofo. Alipofumbua macho jua lishatoka, na Riyama kakaa pembeni yake, uso umemkunjuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi nshakwambia yote," Riyama akasema. "Umekubali?"

Bi Shemsa akaona haya. Mtu analalaje juu ya maneno ya shoga yake?

"Nshasikia, shoga. Nimekubali."

Riyama akalia, akambusu mkono. Wiki haikwisha, Riyama akafa. Kumbe moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Katika siku zile za kitandani Bi Shemsa alikuwa akenda na swali lake ulimini, lakini chumba kimejaa wanawake, na kila akiinama, Riyama humfinya mkono na kusema, "Wewe sina wasiwasi nawe." Swali likarudi tumboni. Mazishi yakapita, hitma ikasomwa, na Bi Shemsa akabaki na amana ya maiti asiyoijua ni nini. Ilipomshinda kulala nayo akamnong'oneza Mkadam. Ndipo ikawa ya baraza.

— Mie nasema ni nyumba, alianza Mahakama, kikombe kidoleni. Kakufanya shahidi wa nyumba. Mtu akimpeleka mwenzake baharini kumwambia siri, hiyo ni nyumba.

— Nyumba gani, Mzee Hamid? Bi Shemsa akamjibu. Riyama alikuwa mpangaji tangu aolewe.

— Basi shauri limefutwa, akasema Mahakama, akanywa.

— Ni bangili, akadakia Redio. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa dhahabu. Zimezikwa chini ya mti, na wewe umekubali kuzichimba. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Sasa upwa na kuchimba chini ya mti vinahusiana nini?

— Bi Shemsa, methali haiulizwi. Huachwa ipite.

— Na mumewe alikuwa fundi wa baiskeli, Redio. Baiskeli! Dhahabu kaiona kwenye meno ya watu.

Talib akacheka, akamimina kahawa. Bi Shemsa hakucheka. Zamani angekuwa wa kwanza, na angeongeza chumvi yake hapo hapo. Sasa kila neno lililotoka vinywani mwao aliliangalia vizuri, kama mtu anayechagua mchele, asije akaitupa punje yenyewe.

— Nyote hamjui, alisema Daktari, akaishusha sauti. Riyama alikuwa na kibuki.

— Astaghfirullah!

— Kibuki, Bi Shemsa. Sheitani mkubwa wa Bukini, huko Madagaska. Na kibuki hakihami mpaka mtu akubali kwa mdomo wake. Wewe ulisemaje? "Nimekubali." Basi kishapanda. Siku yoyote utakiona kinadai haki yake.

— Haki gani?

— Vibuki hunywa brandi.

Bi Shemsa akashika kifua.

— Mie, Borafya? Niliyehiji?

— Si wewe utakayekunywa. Ni yeye, kwa mdomo wako.

— Kelele! Nyinyi mnafanya mchezo! akafoka Bi Shemsa. Na wewe ndiye uliyenilaza. Kungumanga yako ndiyo iliyoniziba masikio.

— Nlikwambia ukwangue, Bi. Hukusikia. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Redio akainama, akaitazama miguu ya Bi Shemsa.

— Mbona yote mizima? Basi kasikia. Huo ni ushahidi.

Mahakama akagonga fimbo chini.

— Ushahidi unakataliwa! Lakini mie sasa naliona. Riyama si ana shemeji yake Mbweni, yule kibogoyo, kafiwa na mke mwaka juzi? Kamuonea huruma. Kamwambia Shemsa: mchukue yule mzee, asife peke yake. Na Shemsa kakubali.

— Ewallah! Redio akaruka. Ndiyo maana juzi alipita hapa na kanzu imepigwa pasi! Kaulizia bei ya ndizi, na ndizi huku hakuna!

— Kibogoyo, akasema Bi Shemsa taratibu. Yarabi. Na brandi itakuwa afadhali.

Hapo hata yeye alicheka, kicheko kidogo, kikamkatikia njiani. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

— Mnajua nnachoogopa? akasema. Nnaogopa kuwa kaniambia "nifuate." Sisi tulikuwa hatuachani. Chuoni pamoja, ngomani pamoja, ujane pamoja. Labda usiku ule kasema, mie nnakwenda, nawe usikawie. Na mie nikasema nimekubali.

Redio akakohoa.

— Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Ile haikuwa mahali pake pia, lakini safari hii hakuna aliyemkosoa.

— Kwani botini mlikuwa nyinyi peke yenu? aliuliza Talib, akilifuta dele lake.

— Wazungu walikuwepo. Wawili wao walilala pale pale juu na sisi, kwa ajili ya nyota. Mmoja na kamera yake, hata kijiko alikipiga picha.

— Basi huyo anayo, akasema Talib. Ile kamera ikiwashwa inachukua na sauti. Huko kwao, saa hizi, mtu anayo sauti ya Bi Riyama akisema neno zima, mwanzo mpaka mwisho. Anaisikiliza na hajui anasema nini.

Hakukusudia ubaya, lakini Bi Shemsa alihisi kama kapigwa na mlango. Nchi gani? Jina nani? Hakujua hata walikuwa Wajerumani au nani. Duniani limebaki sikio moja lililosikia, na sikio lenyewe halijui Kiswahili.

Ndipo akatokea msichana kwenye kona ya kichochoro, buibui limejaa vumbi la njia. Alikuwa Ummukulthum, mtoto wa mwisho wa Riyama, anayepika kwenye hoteli moja huko Matemwe.

— Shikamoo, Bi Shemsa. Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Naweza kusema nawe ndani?

Bi Shemsa alitazama mlango wake mwenyewe kama mlango wa polisi. Ndani watakuwa wawili tu, na macho ya Riyama yamo usoni mwa yule mtoto.

— Sema hapa hapa. Hawa wazee wako.

Ummukulthum akasita, akautengeneza mtandio.

— Abdulrazak, mtoto wa Bi Sichana, kaniposa. Nlimwambia mama alipokuwa hai. Akanyamaza siku mbili. Kisha akanambia, "Usijibu neno mpaka uonane na Bi Shemsa. Lipo jambo, mie haya yananishinda kukwambia. Nshamweleza yeye kule botini, na kakubali kukwambia nikishaondoka." Nlingoja, Bi Shemsa. Nliona msiba bado mbichi, nisikuharakishe. Lakini wazee wao wanakuja leo kutaka jibu, nami nimewaelekeza hapa kwako. Sitaki hadithi nzima. Nambie tu: nimkubali, nisimkubali?

Kikombe cha Mahakama kilisimama baina ya kisahani na mdomo.

Hapo Bi Shemsa akakumbuka jambo la zamani. Sichana alipojifungua huyo Abdulrazak alilazwa hospitali, hajitambui, na kitoto kilibebwa nyumba kwa nyumba; kila mwanamke mwenye maziwa alikipa ziwa. Hayo aliyasikia, maana mwaka ule yeye alikuwa Pemba kwa mumewe. Riyama alikuwa akinyonyesha mwaka ule. Alimpa? Kama alimpa, hawa ni ndugu wa ziwa moja, na ndoa ni haramu mpaka siku ya mwisho. Kama hakumpa, basi pengine neno lenyewe lilikuwa dogo, ugomvi wa kale, mdomo wa Sichana, na mtoto wa watu atavunjiwa bahati yake bure.

— Muulizeni Sichana, Redio akanong'ona.

— Sichana siku hizi anamwita mwanawe baba, Daktari akamjibu kwa sauti ile ile. Hata jina lake halijui.

— Bi Shemsa? akaita Ummukulthum.

Neno moja lilimjia ulimini, jepesi, kama lile la asubuhi ya botini. Aseme tu siyo. Au aseme tu ndiyo. Nani atamjua?

— Nlilala, mwanangu, akasema.

— Ulilala?

— Nlitafuna kungumanga. Nikalala usiku kucha. Mama yako alipouliza umekubali, nikaona haya, nikasema nimekubali. Sikusikia hata neno.

Ummukulthum akatikisa kichwa, akatabasamu, kama mtu anayefanyiwa mzaha.

— Haiwezekani. Mama alinambia ulikuwa ukimwitikia. Kila akitua, unasema "mm". Akisema tena, "mm". Alinambia maisha yake yote hajapata kusikilizwa namna ile.

Talib akaliinamisha dele, likatoa masimbi matupu ya kahawa, akaliweka chini asimwulize mtu kama anataka tena. Redio alikuwa akivitazama viatu vyake.

Kule mwisho wa kichochoro wakatokea wazee watatu wa kanzu na makoti, wa mbele kabeba sinia lililofunikwa kitambaa chekundu. Walikuwa wamekuja mapema, kwa furaha.

— Ndio hao, Bi Shemsa, alisema Ummukulthum, na tabasamu sasa lishamtoka. Ndiyo, au siyo?

Bi Shemsa alifumbua mdomo, na haikutoka hata ile "mm".